Rede ya Kisimani Mtopanga

Mwaka 1946 Kafedha alikuwa na miaka arubaini, na meno mawili ya mbele hana. Mumewe, Chengo, alipakua makaa ya mawe bandarini, na kila aliporudi Mtopanga na hasira za nyapara, alizimalizia mwilini mwa mkewe. Kafedha hakuwa akikimbia. Alijikunyata pembeni, kichwa kati ya magoti, akangoja mkono wa mume uchoke. Goti la kulia lilikuwa limekwisha kukakamaa kwa mateke.

Siku moja kisimani, jirani yake Mwanatatu, mjane mwenye mizaha, alikamua kanga akamrushia. Kafedha akakwepa kabla hajajua amekwepa.

"Mama Baya!" akamwita kwa jina la mwanawe wa kwanza. "Kumbe rede bado waijua!"

"Niache, mbavu zaniuma," akajibu, huku anacheka.

Tangu hapo, kila alasiri wakishajaza mitungi, wanawake watano wazima walicheza rede kama zamani za usichana wao: wawili wakirusha mpira wa matambara, mmoja katikati akiukwepa. Wiki ya kwanza Kafedha alianguka mara nyingi na goti likavimba. Mwezi wa tatu alikuwa akiinama, akiruka, akigeuka kwa kisigino, na kumpata ikawa kazi.

Chengo akaambiwa. Akaja kisimani na rungu.

"Mama mzima warukaruka mbele za watu! Waniaibisha?"

Rungu lilielekea kichwani. Kafedha akainama, likapita hewani. Likarudi, akaruka kando. Mwanatatu akajitia kati kuwaamua, na pigo la tatu likamwangukia yeye. Mfupa wa bega ulilia kama ukuni unaovunjwa.

Kafedha akanyanyua mtungi uliojaa maji, akambamiza nao mumewe usoni. Ukapasuka. Chengo akaenda chini kwa magoti, damu na maji vikimtiririka kifuani, na wale wanawake wakamvamia kwa ndoo na ngumi hata akaacha kujikinga. Kafedha alipiga kuliko wote. Baadaye alikiri kuwa kilichomtisha si damu, bali ule utamu wa kupiga.

Aliyewazuia ni Mwanatatu, angali amelala mchangani. "Basi! Mtamuua, wallahi!"

Chengo alipoteza jicho. Wazee walisikiliza kesi siku mbili, wakamruhusu Kafedha aondoke na wanawe, naye akahamia Kongowea kwa kaka yake, Garama. Chengo hakumfuata.

Mkono wa Mwanatatu haukuinuka tena. Kila Jumapili baada ya ibada Kafedha alirudi Mtopanga kumfulia na kumsuka nywele. Mpira hakuutaja, kwa haya.

"Huchezi siku hizi?" Mwanatatu akamwuliza Jumapili moja.

"Nitachezaje nawe uko hivi?"

"Kwani miguu yako pia ilivunjika?"

Kesho yake Kafedha aliwaita wake wa majirani uani kwa Garama, akafunga matambara kwa kamba ya mkonge, akaingia katikati.