Siku Niliyomfundisha Mama Nekesa Kusema "Hakuna Shida"

Wasomaji, mkinicheka nitawasaidia kucheka. Programu yetu ya kompyuta ya kurekodi maziwa ya wakulima ilikuwa ya bure, na fundi yeyote duniani aliruhusiwa kuirekebisha, lakini haikuwa na kitabu cha maelezo. Mfadhili akaahidi kulipia kitabu, ila kwanza atume mgeni Bungoma, ilikokuwa ikitumika, aone kama kweli kinahitajika.

Mimi, mwalimu wa programu hiyo na msomi wa masomo ya jioni, nikatoka Kitale na suti inayong'aa kuliko bati jipya. Mgeni hapokelewi kwa malalamiko, bana! Nikamwagiza Mama Nekesa, karani wa chama cha maziwa: "Akikuuliza lolote, sema hakuna shida."

Mgeni akauliza mara tano kama programu inamsumbua. Mara tano mama akatabasamu: "Hakuna shida." Nikafura kwa fahari kama andazi kwenye mafuta.

Mgeni akafunga daftari lake. "Kama mnaielewa hivi, kitabu ni cha nini?"

Jasho likanitiririka mpaka kwenye soksi. Mama Nekesa akanigeukia mbele ya chama kizima.

"Mwalimu, si sasa uniruhusu niseme hata kuifungua sijui?"