Kumi Iliyofumuliwa Sifuri

Timu yetu ya mtaa wa Bagira haikuwa na jezi za pamoja. Kila mmoja alijinunulia ya kijani kwenye mitumba ya soko la Kadutu. Siku ya fainali nilihesabu migongo yetu mara mbili: mimi na kaka yangu sote tulivaa kumi. Nani angerudi sokoni saa hiyo kupatana bei ya namba nyingine?

Mwamuzi akakataa. “Kumi iko moja tu.”

Hakuna aliyetaka kuiacha. Mama yetu, aliyeuza ndizi kando ya uwanja, akanivua jezi kwa kuwa nilikuwa mdogo, akaifumua sifuri kwa wembe.

“Sasa uko namba moja. Enda mu goli.”

“Maman, sijawahi kudaka hata chungwa!”

“Basi utaanza leo.”

Kaka alifunga bao. Mwishoni wapinzani wakapewa penalti; mpira ukanigonga goti, nikatangaza kwamba nimeudaka. Tukashinda.

Jezi hiyo ningali nayo. Imepauka yote, isipokuwa pale ilipokaa sifuri, ambapo kijani kingali kibichi. Juzi kaka aliniomba tubadilishane, anipe kumi yake achukue moja yangu. Nikamwambia aongeze kidogo.