Kitabu Kisicho na Mama Mkwe

Chama cha wasomaji cha akina mama wa mtaa ule kilikuwa na kila kinachohitajika: mwenyekiti, birika kubwa la chai, sahani za biskuti na mabishano ya kutosha. Kilichopungua ni kusoma tu.

Mwenyekiti alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mama ambaye hata sebuleni kwake huzungumza kana kwamba nyuma kabisa ya darasa kuna mtu anatafuna kitu. Tangu chama kianze, yeye ndiye aliyekuwa akichagua vitabu, na alivichagua kwa uzito, kama mtu anunuaye viazi. Siku moja alimtembelea mfamasia, mmoja wa wanachama, akakuta chaguo lake la mwisho, buku nene la historia ya reli, limeingizwa chini ya mguu wa jokofu ili lisiyumbe. Alikunywa chai yake mpaka tone la mwisho, akasusa.

"Mtafuteni mwingine awachagulie," aliwaambia kikaoni. "Mimi si mtu wa kushindana na majokofu."

Wakamtafuta mwingine, na macho yote yakamwangukia Mama Miwani. Jina hilo hakupewa na wazazi. Alikuwa na duka dogo karibu na kituo cha mabasi, akipima watu macho na kuwatafutia fremu zinazoendana na nyuso zao. Hoja ya wenzake ilikuwa kwamba anayewawezesha watu kusoma hawezi kukosa kujua wasome nini. Kwa hesabu hiyo fundi bomba angekabidhiwa vinywaji vya harusi, lakini hakuna aliyetaka kulifuata wazo mpaka huko.

Masharti yakafuata. Mfamasia hakutaka kitabu chenye wagonjwa, maana wagonjwa anashinda nao. Karani wa benki alitaka mapenzi, ila yawe ya heshima, na kitabu kiingie kwenye mkoba. Mwenyekiti, kwa kuwa alikuwa amesusa, hakuwa na sharti lolote. Alikumbusha tu kwamba kitabu kiwe na mafunzo, lugha fasaha, na kisiwe na upuuzi.

Mama Miwani naye alikuwa na sharti lake, ila hilo hakulitamka. Alitaka kitabu kisicho na mama mkwe, kwa sababu wa kwake alikuwa ameketi pale pale ubavuni mwake, anachovya biskuti.

Huyo mama alikuja kwa mwanawe kupumzisha goti kwa wiki chache. Goti lilikwisha kupona zamani, hata lenyewe lilisahau lilichojia, lakini mwenyewe hakuona sababu ya kuharakisha mambo. Alikuwa mama mwema. Watu wote walisema hivyo, hasa wale wasioishi naye. Hakuwahi kumtukana mkwewe. Alichofanya ni kufunua sufuria, kuonja mchuzi kiganjani, kushusha pumzi, kisha kumwombea mwanawe afya njema. Vyombo vilivyokwisha kuoshwa aliviosha tena, "vipate maji kidogo." Kabati la nguo alilifungua kutafuta nondo walao nguo, na kwa bahati mbaya nondo hao walipenda zaidi upande wa magauni mapya. Mama Miwani alimeza yote hayo na mate yake. Kuliweka jambo kama hilo mezani kikaoni, watu wakalijadili sura kwa sura, kungekuwa kumwagia petroli jiko linalowaka.

Jumamosi akaenda duka la vitabu. Kila hadithi aliyoishika ilikuwa na mama mkwe ndani. Huyu anaficha barua, yule anatia sumu, mwingine anamtafutia mwanawe mke wa pili.

"Huna kitabu kisicho na mama mkwe?" akamwuliza muuzaji.

Muuzaji akafikiri kwa dhati. "Kipo kimoja. Cha ufugaji nyuki."

Mwishowe akapata hadithi ya kijana fundi saa aliyempenda mwoka mikate. Jalada lilikuwa na dirisha na ndege. Akasoma kurasa za mwanzo akiwa amesimama, akaona kijana amefiwa na baba, na kwa haraka aliyokuwa nayo akamzika na mama pia kichwani mwake. Akaagiza nakala za kutosha chama kizima, akagawa, na mama mkwe akapewa yake.

Siku chache baadaye, mchana dukani wateja walipopungua, aliendelea kusoma. Akafika sura ya tatu. Mlango ukabishwa, na mama wa fundi saa akaingia na masanduku mawili. Kabla ya kuketi alikwenda jikoni, akafunua sufuria, akaonja, akashusha pumzi.

Mama Miwani akakifunga kitabu. Akafunga duka mapema.

Nyumbani alimkuta mama mkwe kibarazani, kitabu mapajani, kimefungwa.

"Mama, hicho kitabu nirudishie," akasema, akijitia kukunjua uso. "Nimeona maandishi yake ni madogo mno, yatakuumiza macho."

"Ndiyo, ni madogo. Nilijaribu jana, nikaona sisimizi watupu."

"Basi nikichukue. Nitakusimulia mwenyewe."

Mama mkwe akamtazama kwa upole. "Mwanangu, si wewe ndiye mwenye duka la miwani? Nitengenezee."

Hapo hapakuwa na pa kutokea. Kesho yake akampima macho, akamkalisha mbele ya ubao wa herufi, akambadilishia lenzi moja baada ya nyingine. Shetani alimnong'oneza ampe lenzi za hovyo, aone ukungu na jina la mwandishi basi. Lakini mikono ina adabu yake, na ile yake haikuwahi kumpa mteja lenzi isiyomfaa. Akatengeneza miwani safi kabisa, yenye fremu nyepesi, ili mama mkwe ajisome vizuri bila kukosa hata nukta.

Mama mkwe akasoma. Alisoma kibarazani, akasoma mezani, mchuzi ukapita bila kuonjwa. Na hakusema kitu. Kwa mtu aliyezoea kutoa maoni hata juu ya namna mlango unavyofungwa, kimya kile kilitisha. Mama Miwani akamwambia mumewe kwamba amekalia kuti kavu. Mume, ambaye maisha yake yote alikuwa amefuzu kutokuwepo mambo yanapochacha, akakumbuka kwamba gari lina kelele fulani, akatoka kwenda kulisikiliza.

Siku ya kikao ikafika. Mwenyekiti alifungua kwa hotuba ndefu kuhusu ndege wa kwenye jalada na maana yake. Ilikuwa hotuba nzuri, hasa kwa mtu ambaye hakwenda mbali zaidi ya jalada. Karani wa benki alisema mapenzi yalikuwa na heshima. Mfamasia alishukuru kwamba hakuna aliyeugua.

"Mimi nina neno," mama mkwe akasema, akivua miwani.

Mama Miwani alikazia macho kikombe chake.

"Huyu bibi wa masanduku mawili namjua. Nimeishi naye."

Biskuti zikapumzika.

"Ni mama mkwe wangu, Mungu amlaze pema. Ni yeye mtupu. Mwandishi sijui alimwonea wapi. Nilikuwa nikipika, anaonja, anaguna. Nikiosha sahani, anaziosha upya mbele ya wageni. Nguo zangu alizijua kuliko mimi. Mwaka wa kwanza wa ndoa nililia stoo, kwenye magunia ya mkaa, nisisikike. Hata mume wangu sikumwambia. Wanawake wa namna hiyo, sijui huwa hawajioni?"

Mfamasia alimtupia jicho Mama Miwani, na Mama Miwani akajitia hamnazo. Alikuwa amejiandaa kwa vita, kwa machozi, hata kwa mtu kufunga virago. Kwa hili hakujiandaa. Alitaka kucheka, lakini picha ya msichana juu ya magunia ya mkaa haikumruhusu, maana yeye mwenyewe mwaka wake wa kwanza aliulilia bafuni, bomba likiwa wazi.

Walirudi pamoja kwa miguu. Barabara ilikuwa na mashimo, akamshika mkono mama mkwe, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo.

"Wewe una bahati," mama mkwe akasema. "Umenipata mimi."

"Ni kweli, mama."

Wakatembea kidogo. "Na mlikuja kupatana?" Mama Miwani akauliza.

"Na nani, yule? Hata kidogo." Mama mkwe akasimama kupumua. "Lakini alipokufa nililia kuliko wanawe. Mpaka leo sijui kwa nini."

Mume alikuwa mlangoni, kwa tahadhari, funguo za gari mkononi. Akauliza kitabu kilikuwaje.

"Kizuri," wakamjibu wote wawili, wakampita wakaingia ndani, na yeye akabaki pale akihisi kuna kitu kimempita.