Ngumi ya Mzee Rono

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nusura nimuue mtu kwa sababu ya herufi moja tu.

Nilikuwa kijana kutoka kando ya ziwa, mwendeshaji wa mashine ya kuchota mawe kwenye kware, yaani machimbo ya mawe, karibu na Londiani. Haikuwa kama hizi mnazoziona siku hizi. Yetu ilikuwa ya kamba. Kamba nene ya chuma ilijizungusha kwenye ngoma, gurudumu kubwa la kukunjia kamba, nyuma yangu, ikapanda hadi kwenye puli juu kabisa ya mkono wa mashine, kisha ikashuka kushika ndoo. Nikiachia breki ya ngoma, kamba inalegea na ndoo inashuka. Ndoo yenyewe ilikuwa na mlango chini wa kumwagia mawe, na mlango huo ulikuwa mkaidi kunishinda mimi.

Fundi wetu alikuwa Mzee Rono, Mkipsigis wa Siongiroi. Kila asubuhi aliipapasa ile kamba kwa kitambaa, kutafuta uzi uliokatika, taratibu kama mtu anayekagua ng'ombe wake. Kiswahili chake kilinichekesha. "Bibi" kwake ilikuwa "pipi", na saa ya chai nilimwigiza mbele ya wenzangu mpaka wakamwaga chai. Yeye alitabasamu tu, akaendelea kunywa. Hilo linaniuma hadi leo.

Siku hiyo mlango wa ndoo ulikataa kufunga. Niliinua ndoo hadi kimo cha kifua, Mzee akainama chini yake na nyundo. Akapaza sauti, "Paki!"

Pale kware, kupaki ni kulaza ndoo chini. Nikaachia breki.

Nilisikia ukelele, nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Niliporuka chini nilimkuta amekaa kwenye matope, mguu mmoja mtupu. Gambuti yake ilikuwa imebanwa chini ya ndoo. Nikamshika vidole vya mguu, nikavigusa kimoja kimoja huku nalia.

"Ulisikia nini?" akaniuliza.

"Paki, mzee."

"Si ndiyo nilisema? Paki!"

"Ndiyo, paki. Nikasusha."

"Apana! Paki! Kaa ivyo ivyo!"

Ndipo nikaelewa: baki. Nikaanza kujitetea, lakini akaniwekea mkono begani.

"Wewe mtu wa siwa unasema susha, mimi nasema paki. Hiki Kiswahili sisi wote tumeasima. Kunicheka, umenicheka sana. Kuniulisa, ata siku moja?"

Kuanzia hapo tulikubaliana ishara: ngumi iliyokunjwa ni baki. Tulifanya kazi hivyo miaka mingi, na sikumwigiza tena.

Mwezi uliopita nilimtembelea kwake. Kiharusi kimemnyang'anya maneno yote, yale yale niliyoyacheka, na ningetoa chochote niyasikie tena. Nilipoinuka kuaga, alinyanyua mkono polepole, akakunja ngumi. Nikaketi. Nilikaa naye mpaka ng'ombe wakaletwa kukamuliwa.

Mwanangu, usimcheke mtu kwa namna anavyotamka. Usipomwelewa, muulize kabla hujaachia breki, hata kama wenzako wanatazama. Na ukiwa umemkosea, rudi kwake angali anaweza kukukunjia ngumi. Mungu akulinde, akupe watu watakaokuomba ubaki, na akupe moyo wa kuketi tena.