Siku Leseni Ilipokwisha Watu Wakiwa Kaunta

Nikikumbuka ile asubuhi ya Agosti 2008 masikio bado yanapata moto, na kama si nyinyi ni marafiki nisingesimulia. Nilikuwa mtu wa kompyuta katika duka la spea za trekta na kombaini la Mzee Gurdeep, hapa Nakuru mjini, biashara ndio inaanza kupumua baada ya zile fujo za Januari za uchaguzi, na kwa vile ngano ilikuwa inavunwa, wakulima wa Njoro walikuwa wanajaa kaunta kabla hata chai haijachemka.

Sasa, mimi ndiye nilimshawishi Mzee tuache kompyuta zake za zamani tuweke seva moja kubwa, na ndani yake programu ya kuigawa iwe kama mashine kadhaa, moja ya risiti, moja ya stoo, moja ya mishahara (nilijisikia sana, hata tai nilianza kuvaa). Wenye programu wakatoa toleo jipya la kuziba mwanya ambao wezi wa mtandao wangepitia. Mzee akaniambia, "Ngoja Jumamosi, tukifunga." Mimi nikaona ni kazi ndogo, nikaingia mapema Jumanne, nikazima kila kitu, nikaliweka, nikawasha.

Seva ikawaka. Zile mashine za ndani zikakataa, kila nikibonyeza naambiwa leseni imekwisha muda, leseni tuliyonunua juzi tu!

"Kijana, watu wamejaa, iko nini?" Mzee akaita.

"Dakika mbili tu, Mzee."

Nikampigia jamaa wa Nairobi aliyetuuzia programu. "Boss, si wewe peke yako," akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Ni kosa la hilo toleo, kuanzia leo linadhani leseni zote zimekwisha. Rudisha tarehe ya seva nyuma, itakubali, halafu usizime tena mpaka watoe dawa."

Nikairudisha mpaka Jumapili, niwe salama kabisa, na kweli mashine zikaamka, nikatoka kifua mbele nikatangaza, "Haya, tuendelee!" na watu wakanipigia makofi (nikainama kidogo, Mungu anisamehe).

Mathe mmoja, mama mkulima aliyenunua mkanda wa kombaini akasogeza risiti karibu na macho. "Hii inasema nimenunua Jumapili. Jumapili mimi nilikuwa kanisani!"

Kila mtu akaangalia yake, kaunta nzima ikawa kicheko. Mzee Gurdeep, ambaye Jumapili hufunga duka aende gurdwara, hekalu lao Masingasinga, akavua miwani. "Kijana, wewe unafungua duka yangu mimi nikiwa kwa maombi?"

Nilishinda pale kaunta na biro, nakata tarehe na kuweka sahihi risiti moja baada ya nyingine, na kila mkulima akifika kwangu ananiuliza leo ni siku gani.

Tulipofunga nikaingia ofisini kwa Mzee nikijua kazi imeenda. Akaniuliza:

"Hiyo mwanya ya wezi, imezibwa?"

"Imezibwa, Mzee."

"Imezibwa sana. Asubuhi hata sisi wenyewe tulishindwa kuingia." Kisha akacheka mpaka kilemba kikatikisika, akaniambia niende nyumbani nikalale.

Tangu hapo, toleo likitoka mimi huacha wengine watangulie, nasikiliza kama kuna mtu analia, na kukiwa kimya ndio nagusa letu, tena mlango wa duka ukiwa umefungwa.