Herufi Kwenye Kona ya Laptopu ya Madrasa

Nilipousasisha mfumo wa laptopu ya madrasa, kesho yake ilikataa kufunguka. Niliandika neno la siri mara tatu, likakataliwa mara tatu. Mimi huandika kwa kidole kimoja, polepole, nikiitafuta kila herufi. Kwa sababu hiyo maalim alinipa kazi ya kupiga chapa mitihani: nachelewa, lakini sikosei sana. Shule niliishia darasa la nane, na kazi ile niliionea fahari, ingawa sikumwambia mtu.

Mitihani yote ya watoto ilikuwa mle ndani, nusu Kiswahili na nusu Kiarabu. Niliiandika kwa wiki tatu, na nakala nyingine haikuwepo. Watoto wangeifanya kesho yake baada ya alasiri.

"Umelisahau, mwanangu," alisema maalim.

"Sikulisahau."

"Basi shetani kakusahaulisha."

Niliinama. Akaongeza kwamba watu wamemwambia dawa ni kufuta kila kitu.

Siku ileile tuliipeleka laptopu Gede, kwa dada mmoja Mgiriama anayetengeneza simu na kompyuta katika kibanda karibu na steji ya matatu.

"Shikamoo, maalim."

"Marahaba, binti yangu. Nimekuletea mgonjwa. Wanasema afutwe."

"Mtu akiumwa kichwa, maalim, hatukikati."

Maalim akacheka. Mimi sikuweza.

Nilidhani ataniondoa kitini aandike mwenyewe, kama mafundi wengi wanavyofanya. Yeye alinisogezea laptopu. "Andika kama unavyoandika siku zote, mdogo wangu. Neno lako silitazami, natazama kioo."

Nilichukua muda mrefu, na wateja wawili walikuwa wamesimama nje wakingoja. Hakunihimiza, hakuguna. Nilipomaliza, likakataliwa tena. Ndipo akaonyesha kona ya chini ya kioo.

"Maalim, hiki kijidudu ni nini?"

"Kijidudu! Hiyo ni ain. Herufi ya Kiarabu."

"Na hapa inafanya nini?"

Maalim akainamia kioo, akaitazama upya.

Ain ile tulikuwa tumeiona sote wawili tangu asubuhi. Sisi kutwa tunasoma Kiarabu, kwa hiyo hakuna aliyejiuliza imetoka wapi. Aliyeishangaa ni dada, asiyejua kuisoma.

Akatueleza bila kujigamba. Mfumo mpya ulikuwa umekiweka Kiarabu mbele kwenye vitufe, na ain ndiyo alama yake. Mimi nilibonyeza herufi nilizozijua, laptopu ikaandika za Kiarabu, na kwa kuwa neno la siri hujionyesha kwa vitone tu, nisingeweza kuona tofauti. Alinionyesha vitufe viwili vya kubonyeza pamoja. Hakuvibonyeza yeye, alingoja nivibonyeze mimi. Ain ikaondoka.

"Haya, andika tena."

Ikafunguka. Mitihani ilikuwepo yote, na maswali niliyapitia palepale, la kwanza hadi la mwisho.

"Maalim," dada akasema, "kijana wako aliandika sawasawa mara zote."

Nimesifiwa mara chache maishani, na sikujua nitazame upande gani.

"Niwie radhi, mwanangu," alisema maalim. "Nilimsingizia hata shetani."

"Huyo mwache, maalim. Kijana ndiye wa kuombwa radhi."

"Si nimemuomba?"

"Umemuomba kidogo."

Kesho yake watoto walifanya mtihani. Swali la tatu, la Kiarabu, wengi walilikosa. Maalim alilisoma upya neno kwa neno, akanigeukia, akasema kosa ni lao, si langu.