Chozi Aliyegombana na Kioo

Enzi hizo za Mwingereza, wageni waliokuja kuniposa walipanda kwa miguu kutoka Mbaha, kule ziwani, hadi kwetu Litembo. Walifika asubuhi wamelowa ukungu, wanatetemeka, maana watu wa ziwani hawaijui baridi yetu. Walileta kapu la usipa mkavu, dagaa wa kwao, na kioo kikubwa cha fremu ya mbao, kilichonunuliwa dukani Mbinga. Baba akakiegemeza kwenye ukuta wa baraza ili majirani wakione.

Msemaji wao alikuwa shangazi wa mchumba wangu, mwanamke mrefu asiyecheka. Sisi tulikuwa Wamatengo, wao Wanyasa, kwa hiyo mazungumzo yakawa ya Kiswahili, kila mtu akichagua maneno kama anayechambua maharage.

Mama alikuwa amenionya, "Ukicheka mbele ya wakwe, watasema hatukukufunza."

Nikaitwa. Nikapiga magoti mkekani pale barazani, nikawaamkia.

"Mwanangu," baba akauliza, "wageni hawa unawafahamu?" Kusema nawafahamu ndiko kulikuwa kuikubali posa.

Kabla sijafungua mdomo, akatua chozi, yule ndege mdogo wa msituni anayefyonza maua: mgongo kijani cha kung'aa, kifua chekundu, mdomo kama sindano iliyopinda. Akamwona dume mwenzake ndani ya kioo. Lo! Akatoa vishungi vya njano ubavuni, akaimba kwa hasira, akamrukia. Kioo kikalia ta-ta-ta. Akazunguka nyuma kumtafuta adui, hakuna mtu. Akarudi mbele, jamaa yupo palepale!

Baba akainuka kumfukuza.

"Mwache amalize," shangazi akasema kwa sauti nzito. "Huyu naye kaja kuposa, na amekuta tumemtangulia."

Kisha akaangua kicheko, mabega yakitikisika. Baba akacheka, mama akajifunika uso kwa kanga. Mimi nilicheka mpaka paji la uso likagusa mkeka.

"Bado sijapata jibu," baba akasema akifuta macho.

"Nawafahamu, baba," nikajibu, kwikwi zimenishika. "Hata huyo ndege namfahamu!"

Shangazi akapiga kigelegele kilichosikika ng'ambo ya bonde.

Mchana niliwasindikiza hadi kijitoni. Nikarudi mbio kupitia ngolo, mashimo yetu ya kulimia mlimani, nikiruka kutoka tuta hadi tuta, mama akinipigia kelele kwamba mchumba wa watu hakimbii hivyo. Baada ya mavuno nikaolewa.